BUSTANI YA NYUMBANI: Karoti za rangi, na kosa langu la mwezi uliopita

Wazazi wenzangu, wamama na wababa wa Nakivale yote, mvua tu ndiyo inatuchezea.

Mwezi uliopita, tulipoanza kuvuna zile karoti za mbegu za mchanganyiko, niliandika hapa kwamba karoti ni dawa ya macho, rangi yoyote ile. Basi juzi jirani yangu mmoja akanisimamisha kwenye bomba. "Dada, mimi mtoto wangu mdogo nimemchagulia zile nyeupe, sababu ni laini na hazina harufu kali. Za machungwa zote nimeuza. Nimefanya vizuri, si ndiyo?" Nikakosa la kujibu. Yeye hakukosea. Nilikosea mimi niliyeandika.

Ukweli ni huu. Karoti ya kawaida, ile ya rangi ya machungwa, rangi yake yenyewe ndiyo chakula. Inaitwa beta-karotini, na mwili wa mtu unaigeuza kuwa vitamini A. Nyeupe haina rangi hiyo, kwa hiyo vitamini A ni karibu hakuna. Kwenye supu ni tamu, sikatai, ila kwa macho ya mtoto ni kama umempa muhogo mweupe. Ya njano ina rangi nyingine iitwayo luteini. Hiyo nayo ni nzuri kwa macho, lakini haigeuki vitamini A. Nyekundu ina rangi ile ile ya nyanya. Na ya zambarau, hii inayofanana na biringanya, usiihukumu kwa ganda. Ikate katikati. Ukikuta moyo wa machungwa, mpe mtoto. Ukikuta moyo mweupe, hiyo inapendeza sahani tu.

Vijana wanasema hizi za rangi zimetengenezwa na wazungu juzijuzi. Hapana bwana. Za zambarau na za njano zililimwa upande wa Uajemi na Afghanistan zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Ya machungwa ndiyo mgeni. Ilienea Ulaya, hasa Uholanzi, kwenye miaka ya 1500 na 1600.

Sasa jikoni. Vitamini A inataka mafuta. Karoti iliyochemshwa, ikapondwa na kutiwa kijiko cha mawese, inamfaa mtoto kuliko mbichi anayotafuna akicheza. Na mawese mekundu yenyewe yana beta-karotini, ndiyo maana yana rangi ile. Ya zambarau pika peke yake, la sivyo maharage yako yatageuka rangi ya matope na wageni watakuuliza maswali. Watoto waoneshe hili: maji yake ukiyakamulia ndimu yanakuwa mekundu. Wangu walimaliza ndimu zote za nyumba.

Wewe uliyepanda nyeupe tupu usilie. Lengalenga, sombe, papai na viazi vitamu vya ndani ya machungwa vyote vinasaidia. Lakini mtoto akianza kujikwaa jioni, haoni vizuri giza likiingia, usingoje karoti yoyote. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na yale matone ya vitamini A, ya kila miezi sita kwa watoto kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5, msiyakose kwa sababu eti nyumbani kuna bustani.

Kuhusu kupanda, ninyi wa Lubero na Masisi mtanicheka, kwenu karoti zinaota zenyewe. Hapa joto linatusumbua. Chimba tuta mpaka sentimita 30 na utoe mawe yote, sababu karoti ikigonga jiwe inaota miguu miwili. Samadi iwe ya zamani. Mbichi nayo inaleta miguu. Mbegu zinamwagwa pale pale zitakapokulia, hazihamishwi kama sukuma wiki. Zifunike kwa udongo wa sentimita 1, juu weka nyasi au gunia kuukuu, na umwagie asubuhi na jioni. Halafu ngoja. Zinachukua wiki moja mpaka tatu kuchomoza. Nimeona mtu amekata tamaa siku ya nane akapanda maharage juu yake! Zikichomoza toa gunia. Baadaye punguza, ibaki nafasi ya sentimita 5 hivi. Hapo roho inauma, najua, lakini ukizihurumia utavuna mikia ya panya.

Mbegu yako mwenyewe hutapata. Karoti inatoa maua baada ya kupitia baridi ya wiki nyingi, na baridi hiyo hapa hatuna. Kwenye duka la pembejeo ulizia Nantes au Chantenay, zote ni za machungwa. Mimi msimu ujao kwenye mistari kumi, saba itakuwa ya machungwa. Mitatu ya rangi ni ya soko. Nilipopeleka za zambarau watu walidhani zimeoza, mpaka nilipokata moja nikawaonjesha.

Yule jirani nilimpelekea mbegu za machungwa zilizobaki kwenye kopo langu, kama kijiko kimoja. Alizimwaga Jumatatu jioni, na gunia liko juu. Kila asubuhi anachungulia.