Binti Anapotaka Kwenda Iringa kwa Baiskeli

Akina mama wenzetu, mwezi huu tulikusudia kuandika juu ya minyoo ya watoto, lakini hiyo itangoje. Hapa kwetu Chamwino kuna jambo limetunyima usingizi tangu Pasaka. Binti yetu wa pili, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miaka 24, alitueleza kwamba likizo ya Juni atakwenda Iringa kumsalimu shangazi yake kwa baiskeli. Peke yake.

Kutoka Dodoma mjini hadi Iringa ni kilomita 260, na kutoka kwetu hadi mjini ni kama 30 nyingine. Basi lipo, na linafika siku hiyo hiyo. Tulimwuliza sababu, tukidhani labda kuna kijana huko njiani. Akajibu, "Hapana, mama. Nataka tu kuiona nchi polepole." Baba yake alicheka, kisha akakasirika, kisha akatoa neno ambalo hatukuliona ubaya wake siku ile: "Nenda. Lakini ukirudi kabla ya kufika, nisisikie tena habari ya baiskeli katika nyumba hii."

Basi, tukaanza matayarisho. Baiskeli ni ile nyeusi ya Phoenix ya marehemu babu yake, chuma kitupu. Fundi alibadilisha mnyororo na viatu vya breki, akakaza spoku, na kwa siku tatu binti alikaa chini ya mwembe wa fundi akijifunza kuziba pancha mwenyewe. Atabeba tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu na spana. Katikati ya Fufu na Mtera hakuna fundi wa kumwita saa unayotaka.

Sisi tukashika upande wa mwili. Kinga ya pepopunda kwanza, maana barabarani kuanguka kupo. Chandarua, kwa sababu Mtera kuna bwawa na mbu wake. Vitambaa vya hedhi hata kama siku zake hazijafika, kwani uchovu huvuruga hesabu. Na jambo ambalo akina mama huona haya kulitaja: msamba. Anayekaa juu ya kiti cha baiskeli siku nne huchubuka, na mchubuko wenye jasho hugeuka kidonda. Chupi ya pamba isiyo na mshono mnene, mafuta ya mgando kabla ya kupanda, kunawa na kukauka kila jioni. Kuhusu mavazi, khanga na mnyororo wa baiskeli havipatani. Tumewahi kumshona mama mmoja kidevu kwa sababu hiyo. Binti atavaa suruali, na juu yake gauni fupi kwa heshima ya wazee. Bibi yake amesema atafumba macho.

Mei tukampeleka kwenye jaribio: Chamwino hadi Dodoma mjini na kurudi siku moja. Kwenda alifika mapema, akapiga simu kwa furaha. Alisahau kwamba upepo wa kwetu hutoka mashariki. Asubuhi ulimsukuma mgongoni, na kurudi ukamkabili usoni, jua la saa sita juu ya kichwa, malori ya Rwanda na Burundi yakimpita karibu. Maji yalimwishia. Alipoingia uani alikuwa amelowa jasho, ngozi baridi, kichwa kinamgonga, akatapika mara mbili mlangoni.

Tulimlaza kivulini miguu ikiinuliwa, tukamfunika khanga iliyoloweshwa, tukampa kidogo kidogo lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kufuta, si vya kujaza. Angeanza kusema maneno yasiyoeleweka tusingengoja hata dakika moja. Hapo ni hospitali, na kumpoza kwa maji njia nzima.

Jioni tulimwuliza kwa nini hakusimama. Mabasi yalikuwa yakimpita, na basi hubeba baiskeli. Akanyamaza, kisha akasema, "Mama, baba alisema nisirudi bila kumaliza."

Hapo ndipo tulipoona kwamba tulimtayarisha miguu, tukamfungia mlango wa nyuma. Kwa miaka yetu ya wodini tumeona wengi walioletwa wakiwa wamechelewa, na wengi wao waliogopa kuchekwa kuliko kuumwa.

Tulimsimulia baba yake habari za Dervla Murphy, mwanamke wa Ireland. Alipewa baiskeli na kitabu cha ramani alipofikisha miaka 10, akaamua siku moja atakwenda India. Lakini mama yake alikuwa mgonjwa asiyejiweza, naye aliacha shule akiwa na miaka 14 ili amwuguze. Mama alifariki mwaka 1962. Januari 1963 binti akaondoka peke yake, akiwa ametuma matairi ya akiba mbele yake kwenye miji ya njiani, na akafika India. Mwaka 1992, akiwa na miaka 60, alipita hata nchi yetu kwa baiskeli akitoka Kenya kwenda Zimbabwe. Na mwanamke huyo, theluji ilipomzidi Ulaya katika safari ile ya kwanza, alipanda lori.

Baba yake alisikiliza, akauliza tu, "Lori?" Akatoka nje.

Sasa mpango umebadilika. Ataanza safari alfajiri, saa 11, na kupumzika saa 5 hadi saa 9. Maji lita 5, karanga, unga wa uji. Tumempa barua ya mchungaji na majina ya wauguzi wenzetu wa zahanati za njiani, maana kulala si kwa kubahatisha. Simu kila jioni. Kutoka Dodoma, penye kama mita 1,100, atashuka hadi Mtera penye kama 700, kisha apande Nyang'oro hadi Iringa, mita 1,600. Huko, tumemwambia, asukume kwa miguu.

Juzi tulimkuta baba yake uani na spana, amefungua kiti cha baiskeli. Ndani ya bomba la kiti alikuwa ameingiza noti zilizofungwa kwenye nailoni. Hakutugeukia. "Nauli," alisema. "Ya kurudi kutoka popote."