Tusinunue Vifaranga vya Samaki kwa Hesabu Tu

Hapa Giheke mtu akitaka kuanza bwawa la samaki, kwanza huuliza bei, kisha huhesabu: mia, mia mbili, mia tatu. Ni wachache wamtazamao samaki mwenyewe. Kwa maoni yangu, hiyo ni sababu moja ya mabwawa kujaa samaki wadogo wasioshibisha nyumba.

Huko Uchina, yapata miaka elfu moja iliyopita, watu walianza kufuga samaki wa dhahabu kwa ajili ya uzuri. Hata leo wafugaji wake huwakagua wangali wachanga: je, mgongo umenyooka? Je, mkia umegawanyika sawasawa? Asiyefaa huondolewa. Ujuzi huo si mgeni kwetu Wanyarwanda, kwani ndivyo wazee walivyochagua ng'ombe wa inyambo kwa pembe na umbo, kizazi baada ya kizazi.

Basi, anunuaye tilapia na atazame mambo mawili. Kwanza ni mwili. Kifaranga mwema ana mgongo ulionyooka na mwili uliojaa. Ukiona kichwa kikubwa, macho makubwa na mwili mwembamba, jihadhari: huenda huyo si mtoto, bali ni mzee aliyedumaa kwa msongamano. Ukimtia bwawani ataanza kuzaa kabla hajanenepa, na bwawa litajaa upesi.

Pili ni mkia. Tilapia wa Naili ana mistari myembamba iliyosimama wima mkiani. Asipokuwa nayo, yawezekana ni wa aina nyingine au ni chotara. Kwa vifaranga wadogo mno mistari haionekani vizuri. Hapo omba kuonyeshwa wazazi wao.

Wako watakaosema kwamba samaki ni wa chungu, na uzuri hauliwi. Ni kweli, lakini mimi sisemi habari ya urembo. Mkulima hali mahindi yote makubwa akabakiza gunzi bovu liwe mbegu. Mbona bwawani twala wakubwa wote, tukawaachia waliodumaa kazi ya kuzaa? Katika milima yetu yenye baridi tilapia hukua polepole. Tukiharibu na mbegu, tutavuna nini?

Sisi wanafunzi wa darasa la mwisho twarudi nyumbani karibuni. Tuwashauri wazazi wetu wawamimine vifaranga katika beseni jeupe, wawatazame vizuri, ndipo walipe. Na siku ya kuvua, wale walio bora wachache warudishwe majini.