Usiuze mtumbwi kwa ajili ya miksi ya analogi, mdogo wetu!

Stori ya mjini Kibirizi sasa hivi siyo bei ya dagaa wala boti za Gombe. Ni chipukizi mmoja, jina kapuni, anayetaka kuuza mtumbwi na injini alivyoachiwa na marehemu baba yake, ili wimbo wake mmoja tu ukamiksiwe nje kwa mashine za analogi. Eti anataka ile sauti ya zamani, yenye joto.

Hamu yake inaeleweka. Sauti ikipita kwenye meza ya kumiksi ya kizamani, au ikinaswa kwenye tepu, makali yanapungua na besi inanona. Huo ni ukweli.

Ila dogo anasahau kitu. Bendi za Dar zilipokuwa zinarekodi Radio Tanzania, wanamuziki walikaa pamoja studio wakapiga wimbo mzima kwa mkupuo. Hakukuwa na kubofya kufuta. Gitaa likikosea, wote wanaanza upya. Ndiyo maana waliingia studio wimbo ukiwa umeshaiva kwenye kumbi za dansi. Joto lile lilitoka kwa watu kwanza, mashine zikalipokea.

Sasa vokali imerekodiwa chumbani, feni inavuma, biti imenunuliwa mtandaoni. Mashine itapasha nini hapo? Kompresa kazi yake ni kubana sauti kubwa ili zile ndogo zisikike. Maana yake hata feni itasikika vizuri zaidi! Halafu akitaka sauti ipande kidogo wiki ijayo, fundi lazima arudishe kila kitufe mahali pake kwa mkono. Hiyo ni bili nyingine. Na mwisho wa siku wimbo utatumwa WhatsApp, usikilizwe kwenye spika ya simu.

Mtumbwi ule ndio unaolisha nyumba kila giza la mwezi likiingia. Ukiuzwa, mama na wadogo zake watakula miksi?

Achukue faida ya giza moja tu. Atafute mpiga gitaa na mpiga ngoma, wafanye mazoezi mpaka wimbo ukae, wazime feni, watundike mablanketi ukutani, warekodi kwa pamoja. Wimbo ukishika, mashine za analogi hazikimbii. Mtumbwi ukishauzwa haurudi.

Wadau mnasemaje, auze au asiuze? Tiririkeni hapo chini.