Saa mbili ya wapi?



Ndugu zangu wazazi na vijana, leo tukumbushane jambo linaloonekana dogo lakini linavunja udugu: kupeana miadi bila kutaja saa ya wapi.

Familia moja hapa Kamembe ilipanga kusoma hitma ya marehemu mzee wao, mwezi wa Januari. Watoto walioko Dar es Salaam na Ubelgiji waliambiwa wapige simu saa mbili usiku. Wa Dar akapiga saa mbili yake. Huku ilikuwa saa moja, watu wanajiandaa kwa Isha na simu zimezimwa. Wa Ubelgiji akapiga saa mbili yake. Huku ilikuwa saa tatu, dua imekwisha na watu wametawanyika. Kesho yake lawama: huyu ana kiburi, yule kamsahau baba. Mama yao alilia upya. Kumbe kosa lilikuwa la ule ujumbe tu.

Basi tujue hivi. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo saa zetu ni sawa. Ukivuka Ruzizi kwenda Bukavu huigusi saa yako. Ukivuka Rusumo kuingia Tanzania, au Gatuna kuingia Uganda, unaongeza saa nzima. Kenya vivyo hivyo. Oman unaongeza mbili. Ubelgiji, tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba tuko sawa nao. Miezi mingine wao wako nyuma yetu kwa saa moja.

Tena kuna lugha. Kwetu usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya Magharibi, lakini kijana aliyekulia Ulaya atangoja Ijumaa yenyewe. Ukimwandikia "saa 2", yeye atasoma saa nane.

Kwenye ibada jambo ni zito zaidi, kwa sababu hapo tunafuata jua, wala si saa ya ukutani. Kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4. Sisi tuko magharibi ya Kigali kwa nyuzi moja na kidogo, kwa hiyo jua letu huzama kama dakika 4 au 5 baada ya lao, ingawa saa ni ile ile. Anayefuturu Rusizi kwa ratiba iliyopigwa kwa ajili ya Kigali anafuturu jua bado lipo! Na anayefuata adhana ya redio ya Dar es Salaam anatangulia kwa zaidi ya nusu saa. Ataharibu funga yake kwa haraka ya dakika chache.

Wapo wanaosema, "Mtu mzima atahesabu mwenyewe." Mimi sikubaliani nao. Miadi ni ahadi, na anayeita ndiye mwenye jukumu la kueleza. Andika hivi: "Alhamisi jioni, saa mbili usiku ya Rwanda, saa tatu ya Tanzania." Ni maneno machache, nayo yanaokoa undugu wa damu. Na kwa futari, tafuta nyakati za hapa hapa Rusizi, au toka nje utazame jua likizama upande wa Kongo.

Allah atujaalie kutunza nyakati na ahadi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.