Menti ya mlimani na wanaofanana nayo



Juma lililopita nilinunua sokoni fungu la menti kwa mama mmoja aliyeteremka na wenzake kutoka milimani, huko juu Djugu. Nyumbani nikalifungua: katikati kulikuwa na vijiti vitatu vya kitu kingine. Mama yule hakunidanganya. Anachuma kungali giza, na mimi sikuangalia. Lakini chai ile ilikuwa ya mjukuu, na maji yalikuwa karibu kuchemka.

Basi tuangalie pamoja. Menti ya pori inapenda baridi na maji. Utaiona kando ya vijito huko juu, si kwenye mchanga wetu wa ziwa. Shika shina, lizungushe kati ya vidole: lina pembe nne. Majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, na jozi inayofuata inakaa kama msalaba juu ya ile ya kwanza. Ponda jani moja. Harufu inapanda puani na ubaridi wake. Ukikosa ubaridi huo, weka chini.

Maana pembe nne peke yake hazitoshi. Lumbalumba inazo, nayo haina shida. Lantana pia inazo, ile ya maua ya manjano na ya waridi kwa pamoja. Ila shina lake lina vimiba, jani linakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na matunda yake mabichi yanadhuru watoto. Linalonitisha zaidi ni gugu la mashambani, lenye maua madogo ya bluu kama pamba, ambalo wataalamu wanaliita Ageratum conyzoides. Shina lake ni la mviringo, lina manyoya, na ukiliponda linanuka beberu. Sumu yake inaharibu ini polepole. Siku ile hutaona kitu. Ndivyo vilivyokuwa vijiti vyangu vitatu.

Menti ya kijitoni ioshe kwa maji safi, kisha ichemshe. Kipindupindu tunakijua hapa kwetu. Mtoto mchanga usimpe, wala usimpake mafuta ya menti puani, yanaweza kumbana pumzi. Na homa? Chai hii haiponyi malaria. Mtoto mwenye joto afike kituo cha afya siku ileile, chai atakunywa akirudi.

Mimi nimekata shina moja lenye vifundo, nimelipanda ndani ya beseni bovu, kivulini, karibu na bafu ambapo udongo haukauki. Limeshatoa majani mapya manne. Anayetaka kipande aje na kikopo cha udongo.