FUNDI MMOJA, MATAJIRI WAWILI

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wa tawi uliopita mwenzetu mmoja alisimama akauliza: "Fundi anayetengeneza kompyuta ya chama, yule mwenye chumba chake Mji wa Kale, si ndiye anayetengeneza na za tajiri wetu?" Kamati ilinyamaza, kwa kuwa ni kweli. Katika kompyuta hiyo mna majina ya wanachama wote, ada zao, na malalamiko waliyotuletea kwa siri.

Wengine walipiga kelele afukuzwe papo hapo. Sisi twasema, ngojeni kwanza.

Kutumikia wengi si kosa. Wazee wetu wa Kilindini walikuwa vibarua, leo kampuni hii ya kupakua meli, kesho ile. Hakuna aliyewaita wasaliti, na katika mgomo mkubwa wa Januari 1947 walisimama bega kwa bega na watu wa reli. Lakini kibarua akishatua gunia huenda zake mikono mitupu. Fundi wa kompyuta akienda zake, bado analijua neno la siri la kufungulia. Hapo ndipo penye hatari, hata kama yeye ni mtu mwema.

Matajiri nao wana lao. Humwita fundi "mtu huru" ili wasimlipe likizo wala siku za ugonjwa, kisha humkataza kumtumikia mwingine. Huko ni kutaka uaminifu wa mwajiriwa kwa malipo ya kibarua. Amtakaye awe wake peke yake, na amwajiri.

Na sisi je? Tulimlipa mkono kwa mkono, bila hata karatasi. Tulipomwuliza habari ya tajiri hakukana. Alijibu kuwa hakuna aliyemwuliza mbele. Basi kosa la kwanza ni letu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka anayeshughulikia habari za watu kwa niaba ya mwingine awe na mkataba wa maandishi, na afuate maagizo ya aliyempa kazi tu.

Kwa hivyo twaleta shauri hili:

1. Fundi aandikiane mkataba na chama, na humo aahidi kutunza siri zetu hata baada ya kuondoka.
2. Atuambie anawatumikia nani wengine, na akipata kazi mpya inayogongana na yetu, aseme kabla ya kuishika.
3. Neno la siri la orodha ya wanachama liwe kwa katibu. Fundi akitaka kuifungua, afungue katibu akiwapo, kisha neno libadilishwe.

Akikubali, tuendelee naye, maana yeye pia ni mfanyi kazi anayetafuta riziki. Akikataa, tumlipe haki yake tuagane kwa amani.

Njooni mkutanoni mtoe maoni yenu. Orodha ile ni majina yenu.

Umoja ni nguvu.