Mwenyeji Naye Aitembee Nchi Yake

Katika milima ya Usambara, upande wa kaskazini-mashariki wa Tanzania, liko bonde ambamo mji wa Lushoto umejengwa. Mji huo u juu ya usawa wa bahari kadiri ya mita 1,400, na kwa sababu hiyo hewa yake ni ya baridi, hata katika miezi ambayo watu wa Tanga hutokwa jasho usiku kucha. Wajerumani walipoitawala nchi waliuita mji huo Wilhelmstal, wakaufanya mahali pa kupumzikia maofisa wao waliochoshwa na joto la pwani. Reli yao iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo mgeni aliweza kufika chini ya milima kwa gari la moshi, kisha akapanda juu kwa njia ya Soni.

Hata leo wageni huja, wengine kutoka Ulaya, wengine kutoka Dar es Salaam. Huyatazama maporomoko ya maji ya Soni kandokando ya barabara. Huingia msitu wa Magamba kuwatafuta mbega, wale nyani weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani. Huenda Irente, kwenye ukingo wa mwamba, mahali ambapo mlima umekatika ghafula, na tambarare ya Mazinde yaonekana chini sana, kama mita 1,000 hivi, pamoja na mashamba ya mkonge na njia ya reli iliyo nyembamba kama uzi. Tena wako wageni wapendao kutembea kwa miguu siku tatu au nne, kijiji hata kijiji, wakilala njiani.

Wenyeji wengi wakiwaona watu hao, na fimbo zao mkononi na mifuko yao mgongoni, hucheka moyoni. Husema, "Mtu mzima apande mlima bila ya kwenda shambani wala kutafuta kuni! Hiyo ni kazi ya mtu asiye na kazi." Neno hili lina sababu yake, wala halifai kudharauliwa. Mtoto aliyeteka maji mtoni kabla ya kwenda shule, kisha jioni akashuka tena kuleta kuni, hana haja ya kuambiwa kwamba kutembea kunatia mwili nguvu. Miguu yake yajua vilima kuliko ya mgeni yeyote.

Lakini kutembea na mzigo si sawa na kutembea mikono mitupu. Mwenye ndoo kichwani huangalia mahali atakapokanyaga, asije akateleza. Hawezi kusimama auangalie mti uliochanua, wala kugeuka asikilize ndege aliaye mwituni. Basi yawezekana mtu azaliwe bondeni, akue, azeeke, naye hajawahi kuliangalia bonde lake hata siku moja. Hiyo ni hasara, wala si hasara ya macho tu.

Mfano wake ni ua moja dogo la rangi ya zambarau, lenye majani ya manyoya, limealo penye kivuli na unyevu juu ya mawe ya Usambara. Ua hilo lilikuwapo tangu zamani, na wenye kutafuta kuni walipita kando yake kila siku. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akikaa upande wa Tanga, jina lake Walter von Saint Paul-Illaire, aliliangalia ua hilo, likampendeza, akampelekea baba yake huko Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia, yaani jina la nyumba ya yule ofisa. Leo mauavyo hayo hupandwa katika vyungu madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, na maelfu ya watu huyanunua sokoni. Mgeni hakukosa kwa kulipenda ua. Yeye aliangalia, akaona. Na kwa kuwa ndiye aliyeandika, jina likawa lake.

Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni kweli kwamba wageni huleta faida. Mwenye nyumba ya kulala hupata, muuza viazi na matunda hupata, na kijana aongozaye wageni hupata ujira wake. Lakini mwongozi ajuaye njia tu hupata kidogo, maana njia hata mbuzi huijua. Mgeni atauliza, Mti huu ni mti gani? Mto huu waenda wapi? Kwa nini Vuga ilikuwa mji wa wafalme wa Wakilindi? Kijana akinyamaza, mgeni atakwenda kutafuta majibu katika kitabu kilichoandikwa na mgeni mwenzake. Bali yule awezaye kumwonyesha mkulo, mti mkubwa ambao wataalamu wameupa jina la Usambara, akaeleza na matumizi yake kama alivyofundishwa na babu yake, huyo ana mali isiyoweza kuletwa na mtu kutoka mbali.

Tena liko jambo kubwa kuliko ujira. Milima hii ina watu wengi na mashamba yake yako penye miteremko mikali. Mvua ikinyesha penye mteremko usio na miti, udongo hushuka mtoni pamoja na mbolea yake, na chemchemi hupungua. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuiponya nchi ya Mlalo. Watu waliamriwa kulima matuta katika miteremko, na asiyetii aliadhibiwa. Kazi ilikuwa nzito, na watu walihofu kunyang'anywa ardhi yao. Wakaupinga mpango ule, na kabla ya mwaka 1960 ukaachwa. Kuhifadhi udongo ni jambo jema, lakini amri peke yake haikutosha kuhifadhi mlima. Milima huhifadhiwa na watu waijuao na kuipenda, wanaoona kwa macho yao jinsi msitu wa juu unavyoushika mto wa chini.

Kwa hiyo ni vema kila shule ya milimani iwe na siku ya matembezi, walau mara moja katika muhula. Siku hiyo pasiwe na ndoo wala mzigo wa kuni. Mwalimu awachukue wanafunzi kwenda Irente, au Soni, au, kwa ruhusa ya watunzaji wake, katika msitu wa Magamba. Mzee mmoja wa kijiji afuatane nao, nao waandike majina ya miti, ya vijito na ya vilima kama atakavyowatajia, maana majina hayo yakifa pamoja na wazee hakuna wa kuyafufua. Wasing'oe maua, wala wasitupe takataka njiani, na wakizikuta zilizotupwa na wengine waziokote.

Watu watauliza, "Je, siku ya masomo ipotee bure?" Haipotei. Mtoto aliyesimama Irente akaiona nyika yote chini yake amejifunza jiografia ambayo ramani haiwezi kumpa. Na aliyekifuata kijito mpaka chanzo chake, akakikuta chini ya miti mikubwa, hatakuwa mwepesi wa kuinua shoka juu ya miti hiyo atakapokuwa mtu mzima. Wageni waje, wakaribishwe, wafurahi. Lakini mgeni hukaa siku mbili tatu akaenda zake, na bonde hubaki mikononi mwa wale waliozaliwa humo. Hao ndio wapasao kulijua kwanza.